Kabla hujaweka dau kwa kasha la Zanzibar

Juzi dada mmoja msomaji kaniandikia: "Kaka, kuna kasha la Zanzibar linauzwa mnadani Jumamosi hapa Uingereza. Makisio pauni 400 hadi 600. Nilichukue?" Nilikawia kumjibu, kwa sababu swali lake limetonesha kidonda.

Bibi yangu alikuwa na kasha la njumu, yaani lenye nakshi za shaba, la msaji, lenye droo tatu chini. Aliingia nalo nyumbani siku ya harusi yake. Harufu yake niliijua kabla sijajua kusoma: udi na asumini iliyokauka. Akaja mchuuzi wa vitu vya kale Mji Mkongwe, likauzwa, wala sikuambiwa. Mpaka leo linaniuma.

Ndiyo maana mwaka 2016, nilipoliona kasha katika orodha ya mnada, sikuuliza kitu. Niliweka dau kwa simu nikiwa kazini, na nyundo ikagongwa kwa pauni 640. Ankara ikaja 832! Ada ya mnunuzi, ile nyumba ya mnada inayomtoza anayenunua, asilimia 25, pauni 160, na kodi ya VAT asilimia 20 juu ya ada hiyo, pauni 32. Yote yaliandikwa katika masharti, nami sikuyasoma.

Lilipofika nikalilaza ubavu. Kitako plaiwudi. Bawaba zimekazwa kwa skrubu za kichwa cha msalaba, zilizoingia sokoni miaka ya 1930. Basi si la kale nililodhani. Orodha ilisema "mtindo wa Zanzibar", na neno hilo "mtindo" halimfungi muuzaji kwa lolote: wala limetoka wapi, wala lina umri gani. Nililia, na sioni haya kusema.

La pili nililipata baada ya miaka mitano, na hilo nilikwenda kulikagua kwa mikono yangu. Nikavuta droo zote, nikapapasa kitako, nikafungua kisanduku cha ndani na kukuta vidroo vya siri chini yake. Sasa liko sebuleni, na wanangu wanaweka humo kanzu zao za Idi.

Jamani, tukague! Tusinunue kwa uchungu wa kwetu. Nenda siku ya kuangalia mali; kama huwezi, omba ripoti ya hali yake na picha za kitako. Tena usisumbuke kama halikuundwa Unguja: mengi tunayoyaita ya Zanzibar yaliundwa India, Surat na Bombay, yakaletwa na majahazi ya kaskazi. Angalia mbao, angalia kitako, soma masharti.

Nawe dada, kama mfukoni una pauni 600 na ada ni kama ile niliyotozwa mimi, dau lako liishie 460. Usafiri haumo humo. Leo hii wapigie simu uwaulize kitako ni cha mbao gani, na picha wakikutumia, nirushie nami niione kabla ya Jumamosi.