Kisu na tochi kwa safari ya siku tatu kwa miguu

Umeuliza kama kisu cha kukunja na tochi ya simu vinatosha, au uongeze panga. Panga liache, ni uzito mtupu kama hupasui kuni.

Kisu chenye bapa la sentimita 7 hadi 9 kinatosha, mradi kiwe na kifungo cha kuzuia bapa lisijikunje. Kisicho nacho hukata vidole. Chuma cha pua huvumilia mvua. Cha kaboni hunoleka upesi ila hushika kutu usipokikausha na kukipaka mafuta. Kinoe kabla ya kuondoka: kisu butu hukulazimisha kusukuma kwa nguvu, kisha kinateleza.

Tochi ya simu usiitegemee kabisa! Inamaliza chaji ya kupigia simu ya dharura na inakunyima mkono mmoja. Chukua tochi ya kichwani ya lumeni (kipimo cha mwanga) 200 hadi 300 inayoweza kupunguzwa mwanga. Kambini hata 20 zinatosha. Kwenye baridi, betri za lithiamu hudumu kuliko za alkali, ambazo pia zikisahaulika ndani huvuja. Funga swichi isijiwashe begini.

Jeraha likiendelea kuvuja damu baada ya kulibana dakika 10 mfululizo, au kidole kikifa ganzi, tafuta daktari.