Maswali yenu: simu, siri na mwandishi

Niko idara ya fedha, halmashauri. Nina hati za malipo hewa. Nikizipiga picha nikamtumia mwandishi kwa WhatsApp, kuna atakayejua? (Msomaji, Morogoro)

Ndugu yangu, usitume kwanza. Ujumbe wa WhatsApp hufungwa tangu simu yako hadi ya mwandishi. Aliye katikati hausomi. Lakini kinachowaponza wengi si maneno waliyoandika, ni nyayo walizoacha: nani aliwasiliana na nani, saa ngapi, akiwa karibu na mnara upi. Na hapo ofisini, nani alilishika faili lile.

Mwaka 2017 Reality Winner, mfasiri katika kampuni iliyofanya kazi za NSA, shirika la ujasusi la Marekani, alichapa kwa printa ripoti ya siri kuhusu Warusi na uchaguzi wa 2016, akaipeleka kwa The Intercept, gazeti la mtandaoni, kwa njia ya posta. Waandishi walipotaka kuithibitisha, kopi ikaonekana na watu wa serikali. Ilikuwa na alama za mikunjo. Basi imechapwa, ikakunjwa, ikatolewa nje. Wakahesabu waliowahi kuichapa: watu 6. Kompyuta zao za kazini zikakaguliwa, na ni ya Winner tu iliyoonyesha barua pepe kwa The Intercept. Alihukumiwa kifungo cha miezi 63. Hakuna aliyehitaji kufungua ujumbe wowote uliofungwa, na inaniuma kwamba waandishi wenyewe ndio waliotoa karatasi ile.

Kwa hiyo usiguse simu, kompyuta wala intaneti ya ofisi. Kisha jiulize: hati hizo zinajulikana na wangapi? Mkiwa wawili, hakuna programu itakayokuficha. Tanzania ina sheria ya 2015 ya kuwalinda watoa taarifa, ila ulinzi wake ni kwa anayezipeleka kwa mamlaka husika. Gazetini usidhani utakuwa chini ya mwavuli uleule. Muone wakili kabla ya kumuona mwandishi.

Mwandishi anaweza kulazimishwa kunitaja?

Anaweza kubanwa, na vikali. Maxence Melo wa JamiiForums, jukwaa la mijadala mtandaoni, alikamatwa Desemba 2016 kwa kukataa kuwapa polisi taarifa za watumiaji wake. Akapanda ngazi za Mahakama ya Kisutu kwa miaka, na mwaka 2020 akatozwa faini. Kabla hujafungua mdomo, muulize mwandishi wako: "Wakikubana utafanyaje?" Akisitasita, maliza chai yako uage.

Mambo ya Snowden si ya Wamarekani? Sisi yanatuhusu nini? (Msomaji, Nakuru)

Yanakuhusu wewe hasa uliye Kenya. Mei 2014, kutokana na nyaraka alizotoa Edward Snowden, Mmarekani aliyevujisha siri za NSA, iliandikwa kwamba NSA ilikuwa ikikusanya rekodi za simu nchini humo. Na kwao Marekani, mahakama ya rufaa ilitamka mwaka 2020 kwamba kukusanya rekodi za simu za raia kwa mkupuo kulivunja sheria. Kesi yenyewe ilikuwa ya Wasomali wa San Diego, mmoja wao dereva wa teksi. Hukumu dhidi yao ilibaki palepale.

Kwa nini watu wanaona wizi na kunyamaza?

Kwa sababu wanajua yaliyompata David Munyakei. Alikuwa karani wa Benki Kuu ya Kenya, kijana, na mezani kwake zilipita karatasi za kashfa ya Goldenberg: mamilioni yakilipwa kama fidia ya kuuza nje dhahabu na almasi ambazo hazikuwepo. Alitoa kopi, zikawafikia wabunge wa upinzani. Mwaka 1993 akakamatwa kwa kosa la kutoa siri za serikali. Kesi ikafutwa, kazi ikapotea. Alihamia Mombasa, akabadili dini. Tume ilipokuja kuichunguza Goldenberg, serikali mpya ikiwa madarakani, aliitwa akatoa ushahidi, akapewa tuzo, akapigiwa makofi. Kazi hakurudishiwa. Alifariki mwaka 2006, maskini.