Sampuli za maji ya mto zisiharibike njiani

Habari ndugu. Nimekuelewa: uko kwenye utafiti wa uzamili, unataka kupima nitrati na metali nzito mtoni, maabara iko mbali na unaogopa sampuli zitaharibika. Hofu yako ina msingi.

Kwanza kabisa, usitumie chupa moja kwa vyote viwili. Maji ya metali yachuje palepale kwa kichujio cha mikromita 0.45, kisha yatie asidi ya nitriki mpaka pH, yaani kipimo cha uchachu wa maji, ishuke chini ya 2. Asidi hiyohiyo ikiingia kwenye chupa ya nitrati umeiharibu, maana yenyewe inaongeza nitrati. Ya nitrati yaweke kwenye barafu, nyuzi 4 hivi, yafike maabara ndani ya saa 48. Ukiona muda hautoshi, ongea na maabara mapema kuhusu kuyagandisha. Jotoridi, pH na oksijeni pima ukiwa mtoni.

Namba iandike ubavuni mwa chupa, vifuniko hubadilishana. Halafu hili wengi hulipuuza, nami nalisisitiza kuliko yote: beba maji safi ya maabara, yamimine kwenye chupa kulekule uwandani, yachuje na kuyatia asidi kama sampuli nyingine. Yakikutwa na metali, uchafu umetokana na vifaa au mikono yako, si mto.

Asidi akupimie fundi wa maabara kwenye vichupa vidogo, nawe uvae glavu na miwani. Mtoni usiende peke yako, na maji yakianza kujaa, toka hata kama chupa hazijatimia.