Kutwa kitini, jioni miguu mizito

Swali: Mimi ni karani wa kampuni ya kutoa mizigo bandarini Kilindini, Mombasa. Jioni hukimbia kilomita 8 Mama Ngina, dakika 5 na nusu kwa kilomita. Siku nikishinda kukagua makaratasi ya forodha, kufikia kilomita ya 4 kasi hiyo hunishinda, na kutwa sijainua hata kiti. Ni uvivu?

Jibu: Si uvivu, wala misuli haijaisha nguvu; huenda ni akili iliyochoka. Mwaka 2009 Samuele Marcora na wenzake wa Chuo Kikuu cha Bangor, Wales, waliwapa watu 16 kazi ya kompyuta ya dakika 90 inayodai umakini mtupu. Siku nyingine watu hao hao walitazama filamu tu. Kila mara wakamalizia kwa baiskeli ya mazoezi, mzigo uleule, mpaka mtu ashindwe. Baada ya filamu walidumu sekunde 754 kwa wastani. Baada ya kompyuta, 640. Moyo na damu havikuonyesha tofauti ya kueleza pengo hilo. Kilichopanda ni ugumu waliouhisi tangu mwanzo, basi wakafika mapema pale mtu anaposema basi.

Ila usiisingizie akili kila kitu, maana jioni za Mombasa zina joto na unyevu wake. Pima hivi. Kimbia kilomita 2 kwa kasi yako ya kawaida, simama, weka vidole viwili shingoni pembeni ya koo, hesabu mapigo kwa sekunde 15, zidisha kwa 4. Hesabu papo hapo, kwani hushuka upesi. Kisha jipe alama ya ugumu kwa kipimo cha Borg: 6 ni kama umekaa, 13 ni kazi kiasi, 17 ni ngumu sana, 20 ndio mwisho wako. Fanya hivyo siku ya mapumziko na siku ya makaratasi, saa ileile. Mapigo yakiwa karibu sawa na alama imeruka kutoka 13 hadi 16, hapo ni akili. Mapigo nayo yakipanda sana, tazama joto, maji na usingizi kwanza.

Kosa la wengi ni kudhani mwili umelegea na kuongeza mazoezi. Hamishia mbio za kasi alfajiri, kabla ya kazi. Jioni nzito kimbia kwa dakika, si kwa kasi: 40, ukibaki alama 12. Au fanya mbio fupi za kutoka kwa nguvu zote, sekunde 10 mara 6, ukipumzika dakika 3 kila moja, ukishapasha mwili vizuri. Uchovu wa akili hauzigusi sana nguvu za ghafla. Na ile nusu saa ya kuteremsha kidole kwenye simu kabla ya kutoka usiihesabu kuwa mapumziko.

Kahawa husaidia: miligramu 3 za kafeini kwa kila kilo ya uzito, yaani 210 kwa mtu wa kilo 70, saa moja kabla. Kwa mbio za alfajiri, sawa. Kwa za jioni siipendekezi, kwa sababu nusu ya kafeini bado imo mwilini saa 5 hivi baadaye, na usingizi ukiharibika, kesho unaanza kazi ukiwa tayari umechoka.

Mapigo yakibaki juu siku tatu mfululizo hata ukikimbia polepole, acha kukimbia ukapimwe malaria na damu.