Fizi za ukoo

SWALI: Mambo daktari. Mathe alianza kupoteza meno akiwa 40 na kitu, yalikuwa yanalegea tu mpaka yanatoka yenyewe, na nyanya pia nasikia alikuwa hivyo hivyo. Mimi niko 34 na kila asubuhi nikipiga mswaki natema damu. Kakangu anavuta sigara kama nini na fizi zake hazitoi hata tone. Hii kitu ni ya ukoo? Nikipima DNA itanisaidia?
Mama Ivy, Umoja

JIBU: Mama Ivy, ukoo umo, ila haufanyi kazi peke yake. Mwaka 1986 kulitoka utafiti wa vibarua wa mashamba ya chai Sri Lanka, wanaume 480 wasiopiga mswaki wala kujua daktari wa meno, midomo imejaa ukoga, na bado kama 11% ugonjwa wa fizi haukupita hatua ya kuvimba, wengi ulienda polepole, halafu 8% ulikimbia mbio meno yakaisha mapema. Uchafu ule ule! Baadaye, 2000, Wamarekani wakalinganisha jozi 117 za mapacha wakaona karibu nusu ya tofauti za watu kwa huu ugonjwa inatokana na kurithi.

Unachorithi hasa ni vile kinga yako inapigana na bakteria wa ukoga. Kuna watu inapigana kupita kiasi mpaka inakula mfupa unaoshika jino, lakini ukoga usipokuwepo haina wa kupigana naye.

DNA achana nayo, jeni zinazohusika ni nyingi na kila moja inachangia kidogo, sioni ikikuambia kitu mamako hajakuambia. Hiyo pesa peleka kwa daktari wa meno, mweleze habari ya mathe na nyanya, apime kina cha mwanya kati ya fizi na kila jino kwa kile kichuma chembamba chenye alama (milimita 3 kushuka ni sawa, 4 kwenda juu tena na damu kuna shida), upigwe eksrei, atoe ule ukoga mgumu wa chini ya fizi. Na mswaki usiuache eti kwa sababu ya damu, hapo ndio wengi huharibu. Pima sukari pia, kisukari huchochea sana.

Sasa huyo kaka ndiye ananitia wasiwasi kuliko wewe. Nikotini hubana mishipa ya damu, fizi zinakaa zimetulia huku mfupa unaisha chini kwa chini. Ukienda kliniki, nenda naye.