Sigara baada ya kiharusi: anzeni na wageni

Mjomba alipooza upande wa kulia. Alirudi kutoka hospitali hawezi kufunga kifungo cha shati, lakini sigara hazikumkauka. Mtu asiyefika hata mlangoni alizipata wapi? Wenzake wa kijiweni walikuja kumjulia hali, na kila aliyeondoka aliacha moja chini ya mto. "Mwacheni mzee ajiliwaze." Wala hawakuwa na nia mbaya.

Kwa hiyo wewe unayemuuguza mvutaji, kabla hujamhubiria mgonjwa, zungumza na wanaomletea. Mwenye duka pia, maana huku sigara huuzwa mojamoja, kwa hela ya chenji. Tuliwakalisha barazani rafiki zake wawili, tukawaeleza kama daktari alivyotueleza: nikotini, kile kilevi cha kwenye tumbaku, hupandisha presha, moshi huharibu kuta za mishipa na kufanya damu igande kwa urahisi. Anayeendelea kuvuta anajiweka karibu na kiharusi cha pili. Kisha tukawaonyesha shuka lililotoboka. Sigara ilikuwa imeteketea hadi kwenye vidole vya mkono uliokufa ganzi, na mjomba hakuhisi kitu mpaka tuliposikia harufu ya nguo kuungua. Hapo walinyamaza.

Siku hizi wanakuja na bao. Anashika kete kwa mkono ule mbovu, zinamponyoka, anatukana, anaokota tena. Mazoezi ya mkono hayo, tena bila gharama.

Wiki ya kwanza bila sigara ni ngumu kwa nyumba nzima. Atafoka, hatalala, atasema mnamtesa. Hamu ikimpanda, mpe maji au mwanzishie hadithi, kwani kwa kawaida hupoa baada ya dakika chache. Ila akiwa mnyonge wiki baada ya wiki, analia, hataki kula, msisingizie arosto ya sigara. Sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito, huwapata wengi baada ya kiharusi, nayo ina matibabu, semeni kliniki.

Ugoro si nafuu, nikotini ni ileile. Vibandiko na vidonge vya kuachia sigara msimnunulie kienyeji. Vipo vidonge vinavyoweza kuleta degedege, na aliyepata kiharusi tayari yuko kwenye hatari hiyo. Na mkisikia amevuta tena, msimfanyie kesi. Ulizeni kwa upole ilikuwa saa ngapi na alikuwa na nani, mtajua pa kuziba. Kwetu ilikuwa jioni, baada ya chai.