Kaunta za prosesa ni za pamoja: kabla hujabadilisha kerneli, soma hapa

Mwenzetu ameuliza kwa nini perf stat, amri ya Linux inayosoma kaunta za prosesa (vihesabio vya ndani ya chipu vinavyohesabu matukio ya programu inapoendeshwa), inampa namba zenye asilimia pembeni, na tukio moja linaandika "not counted" kila akirudia, ilhali mwongozo wa Intel unasema prosesa yake inalifahamu. Wengi wamemshauri abadilishe kerneli, yaani kiini cha Linux. Ndugu, tafadhali usiiguse kwanza. Nimepita njia hiyo hiyo na siku mbili nzima zikanipotea.

Asilimia ni jambo jepesi. Kwenye Xeon, prosesa za Intel za seva, za vizazi vya kuanzia Sandy Bridge hadi Skylake, kila thredi ina kaunta 4 za kazi yoyote Hyper-Threading (kori moja kuendesha thredi mbili, Linux ikiziona kama CPU mbili) ikiwa imewashwa, 8 ikizimwa, na 3 zenye kazi maalumu. Ukiomba matukio mengi kuliko kaunta, kerneli inayapa zamu. Halafu perf inakisia: hesabu iliyopatikana, zidisha kwa muda wote ulioomba, gawa kwa muda ambao tukio lilishika kaunta kweli. Ile asilimia ndiyo sehemu ya muda iliyopimwa. Ikisoma 25, sehemu kubwa ya namba yako ni makisio. Kwa programu inayokwenda mwendo mmoja si neno, lakini kwa mzigo unaopanda na kushuka, kama mfumo wa malipo siku ya mwisho wa mwezi, mimi napunguza matukio na kupima kwa awamu. Jua pia kwamba kaunta moja mara nyingi imeshikwa na mlinzi wa kerneli anayegundua CPU iliyoganda. Andika 0 kwenye /proc/sys/kernel/nmi_watchdog ukiwa unapima, ukimaliza rudisha 1.

Sasa tuje kwa "not counted".

Mimi na mwenzangu, ofisini hapa Upper Hill, Nairobi, tulikuwa na seva moja ya majaribio yenye soketi 2, kila soketi kori 6, kwa hiyo Linux ikiona CPU 24. Tukagawana: yeye apime kwenye CPU 3, mimi CPU 15, tusiingiliane. Sote tulitaka matukio ya offcore_response, yaani maombi ya memori yanayotoka nje ya kori. Zake zikatoka safi. Yangu, "not counted". Nikakagua msimbo wa tukio tarakimu kwa tarakimu, nikabadilisha toleo la perf, mwishowe nikawasha seva upya. Ikafanya kazi! Nikawatangazia wenzangu kwamba dawa ni kuwasha upya. Baada ya chakula cha mchana mwenzangu akarudi kitini, akaanzisha kipimo chake, na changu kikafa papo hapo.

Ndipo nikasoma faili hili:

cat /sys/devices/system/cpu/cpu15/topology/thread_siblings_list

Jibu: 3,15.

Kumbe CPU zetu mbili ni thredi mbili za kori moja. Ni kama wapangaji wa ploti: kila mmoja ana mlango na kufuli lake, lakini mfereji uani ni wa wote. Tukio la offcore_response haliridhiki na kaunta tu. Linataka pia rejista ya kichujio, yaani kijisanduku cha ndani ya prosesa kinachoshika thamani moja, inayoeleza ni maombi ya aina gani yahesabiwe na yamejibiwa kutoka wapi. Rejista hizo ni 2, yaani 0x1a6 na 0x1a7, na thredi zote mbili za kori zinatumia hizo hizo. Mwenzangu alikuwa na vichujio viwili tofauti. Changu kilikuwa cha tatu.

Kwenye msimbo wa kerneli, fungua arch/x86/events/intel/core.c utafute intel_shared_regs. Huo ni msimbo ninaoupenda sana. Kila rejista inatunziwa vitu vitatu: kufuli, thamani iliyomo, na idadi ya wanaoitumia. Ombi likija, kufuli linafungwa na swali linaulizwa: idadi ni sifuri, au thamani iliyomo ndiyo hii hii inayotakiwa? Jibu likiwa ndiyo, idadi inaongezeka kwa moja na tukio linaingia. La sivyo inajaribiwa rejista ya pili, na nayo ikiwa na mwenyewe, tukio linabaki nje. Anayeondoka anapunguza idadi. Aliyetangulia hafukuzwi, wala thamani yake haifutwi. Nilikasirika sana siku ile, lakini fikiria ingekuwa kinyume: kichujio changu kingeandikwa juu ya chake, naye angepeleka ripoti yenye namba zangu akidhani ni zake. Heri kukosa namba. Na kama tungetaka kichujio kile kile, tungetumia rejista moja sote wawili bila tatizo.

Kwa hiyo angalia CPU pacha wa ile unayopimia, na uangalie kama kuna programu nyingine ya ufuatiliaji inayopima kimya kimya kwenye seva hiyo. Ikiwa prosesa ni ya Sandy Bridge hadi Haswell na unapima matukio ya memori, kuna hitilafu ya chipu inayoharibu kaunta za thredi pacha. Tangu toleo 4.1 la mwaka 2015, kerneli inazuia thredi mbili zisigongane hapo, nayo inaweza kukunyima nafasi. Kaunta za uncore, yaani za sehemu za prosesa zilizo nje ya kori, ni habari nyingine: ni za soketi nzima, kwa hiyo usidai kwamba namba zake ni za programu moja. Faili la cpumask la kila kifaa hicho litakuonyesha CPU ya kusomea.

Ukipata nafasi, bandika hapa thread_siblings_list ya CPU yako na amri kamili uliyoitumia. Nitaipitia jioni nikifika nyumbani.